Uraibu wa matofali ya plastiki si wa watoto pekee

MTU mzima akionekana ameketi sakafuni akipachika vipande vya plastiki hadi vikawa nyumba, gari au daraja, jirani hatakosa kuuliza iwapo ana mtoto mgonjwa anayembembeleza.

Katika sehemu nyingi za Gusii, Magwagwa katika Kaunti ya Nyamira ikiwemo, mchezo huhesabiwa kuwa mali ya watoto. Aliyekwisha kuoa au kuolewa hutarajiwa kushughulikia majanichai, migomba, ng'ombe na karo ya shule. Akinunua kitu cha kuchezea, sharti awe na mtoto wa kumpelekea.

Hata hivyo, uraibu wa kukusanya, kujenga na kurekebisha matofali ya plastiki una wafuasi wengi watu wazima katika nchi nyingi za dunia. Kampuni ya LEGO ya Denmark, ambayo jina lake limekuwa kama jina la matofali yenyewe, ilianza mwaka 2020 kuweka alama ya 18+ kwenye masanduku ya seti zinazolengwa wanunuzi waliotimiza umri wa kupiga kura.

Makala haya yanaeleza asili ya matofali hayo, jinsi watu wazima walivyoingia katika uraibu huu, gharama zake, na yale ambayo mkazi wa mashambani anapaswa kujua kabla ya kutoa hela zake.

UFUNDI ULIOPO NYUMBANI

Kuunda vitu vidogo vinavyofanana na vikubwa si jambo geni kwa Mkenya. Vizazi kadhaa vya watoto vimeunda magari kwa waya, mikebe ya mafuta ya kupikia, vifuniko vya soda na nyayo za kandambili kuukuu. Anayeunda gari la aina hii hana kijitabu cha maelekezo. Hulitazama lori linalopita barabarani, akalihifadhi akilini, kisha akalikunja kwa waya.

Katika eneo hilohilo la Gusii, wachongaji wa Tabaka, Kaunti ya Kisii, wamelipa jiwe laini la Kisii sifa duniani. Jiwe hilo huchimbwa, hukatwa kwa panga na patasi, husuguliwa kwa msasa ndani ya maji, kisha hupakwa nta ili ling'ae. Miongoni mwa bidhaa zake ni sanamu za wanyama, na pia seti za sataranji ambazo wanunuzi wake wakuu ni watu wazima.

Kwa hivyo, mtu mzima anayekusanya vitu vidogo vilivyoundwa kwa ustadi si kioja. Anayeweka sataranji ya mawe ya Tabaka kwenye kabati la kioo na anayeweka gari la matofali ya plastiki mahali hapo wanafanya jambo moja. Tofauti ni kwamba mmoja amenunua kazi iliyokamilika, ilhali mwenzake amenunua vipande na kuifanya kazi mwenyewe.

SEREMALA WA KIJIJINI

Asili ya matofali haya nayo ni ya kijijini. Ole Kirk Kristiansen alikuwa seremala wa Billund, kijiji kidogo cha Denmark. Mdororo wa uchumi wa miaka ya 1930 ulipowafanya wakulima wa eneo lake kukosa fedha za kujenga nyumba na kununua fanicha, mwaka 1932 aligeukia vitu vidogo vya mbao, vikiwemo vya kuchezea. Jina LEGO lilitokana na maneno mawili ya Kidenmaki yenye maana ya 'cheza vizuri'.

Baada ya Vita Vikuu vya Pili, seremala huyo alinunua mashine ya kutengeneza vitu vya plastiki kwa kalibu. Mwaka 1949 karakana yake ilitoa tofali la kwanza la plastiki, lililoigiza lile la kampuni ya Kiingereza ya Kiddicraft, lililobuniwa na Hilary Fisher Page.

Tofali hilo la mwanzo lilikuwa na kasoro moja kubwa. Ndani yake lilikuwa tupu, na kwa sababu hiyo halikushikana barabara na wenzake. Suluhisho lilipatikana wakati mwanawe, Godtfred, alipokuwa akiendesha shughuli za kampuni. Mirija iliwekwa ndani ya tofali ili ivibane vinundu vya tofali la chini. Hataza ya uvumbuzi huo iliombwa Januari 28, 1958, na mzee Ole Kirk akafariki wiki sita baadaye.

Mwaka 1963 kampuni ilianza kutumia plastiki ya ABS, ambayo ni ngumu, haipindi kwa urahisi na hudumisha rangi kuliko ile iliyotangulia. Mwaka 1977 zilitokea seti za Technic zenye gia na mihimili, na mwaka 1978 vikaja vijitu vyenye mikono na miguu inayosogea.

VIPIMO VYAKE

Siri ya uraibu huu imo katika vipimo. Umbali kutoka katikati ya kinundu hadi katikati ya kinundu kinachofuata ni milimita 8. Kimo cha tofali, bila kuhesabu kinundu, ni milimita 9.6. Vipande vyembamba, ambavyo vyaweza kuitwa vibamba, vina kimo cha milimita 3.2. Hivyo basi, vibamba vitatu vikipangwa vinatoshana na tofali moja.

Vipimo hivi havijabadilishwa. Tofali lililotengenezwa mwaka 1958 hupachikana na lililotoka kiwandani mwaka huu. Ni vitu vichache vya plastiki ambavyo mzazi anaweza kumrithisha mwanawe, na mwana akaviunganisha na vyake bila kuona tofauti ya vizazi.

Uwezekano wa kupanga ni mkubwa kuliko unavyodhaniwa. Mtaalamu wa hisabati Søren Eilers wa Chuo Kikuu cha Copenhagen alikokotoa kwamba matofali sita ya aina moja, yenye vinundu vinane kila moja na rangi moja, yanaweza kuunganishwa kwa njia 915,103,765. Hesabu ya awali ya kampuni yenyewe, iliyohusu minara ya kimo cha matofali sita pekee, ilikuwa karibu milioni 103.

WATU WAZIMA WALIVYOINGIA

Kwa muda mrefu kampuni iliwachukulia wanunuzi watu wazima kama wapita njia. Hali ilibadilika mwanzoni mwa karne hii. Kati ya mwaka 2003 na 2004 kampuni ilipata hasara kubwa, na Oktoba 2004 Jørgen Vig Knudstorp akawa afisa mkuu wake mtendaji wa kwanza asiyetoka katika familia ya waasisi. Miongoni mwa hatua zilizofuata ni kuwasikiliza wajenzi wa nje.

Seti ya roboti ya Mindstorms NXT iliyotolewa mwaka 2006 ilibuniwa kwa msaada wa watu wazima ambao hawakuwa wafanyakazi wa kampuni. Mwaka 2008 msanifu majengo wa Chicago, Adam Reed Tucker, alishirikiana na kampuni hiyo kuanzisha seti za majengo mashuhuri. Mwaka huohuo ilitoka seti ya Taj Mahal yenye vipande 5,922.

Leo kuna utaratibu uitwao LEGO Ideas, ambapo mtu yeyote mzima anaweza kuwasilisha muundo wake. Ukiungwa mkono na watu 10,000, kampuni huutathmini. Ukikubaliwa na kuuzwa, mbunifu hulipwa asilimia 1 ya mapato halisi ya mauzo.

Wapo pia walioyapeleka matofali katika majumba ya sanaa. Ekow Nimako, msanii wa Kanada mwenye asili ya Ghana, hutumia matofali meusi kuunda sanamu za Waafrika na miji ya Afrika. Kazi yake kuhusu Kumbi Saleh, mji wa kale wa dola ya Ghana, ilitumia takriban vipande 100,000 na ilionyeshwa mwaka 2019 katika Jumba la Makumbusho la Aga Khan jijini Toronto. Kwa Mwafrika anayejiuliza iwapo uraibu huu unamhusu, kazi hiyo ni jibu tosha.

MAKUNDI MATATU

Wapenzi wa uraibu huu wanaweza kugawanywa katika makundi matatu, ingawa wengi huwa katika zaidi ya kundi moja.

Kundi la kwanza ni la wakusanyaji. Hawa hutafuta seti kamili, na baadhi huziacha ndani ya masanduku yasiyofunguliwa. Seti huuzwa kwa muda, kisha kiwanda huacha kuitengeneza. Kuanzia hapo bei hutegemea walio nayo na wanaoitaka.

Kundi la pili ni la wajenzi. Hawa hawana haja na picha iliyo kwenye sanduku. Hununua vipande kwa wingi, huvipanga kwa umbo na rangi, kisha huunda vitu vya akilini mwao.

Kundi la tatu ni la warekebishaji. Hubadilisha vijitu kwa rangi na chapa, huvishonea nguo za kitambaa, hutia taa ndogo ndani ya nyumba, na wengine hutengeneza vipande ambavyo kiwanda hakijawahi kutoa. Kundi hili huzua ubishi. Wenye msimamo mkali hushikilia kwamba tofali halipaswi kukatwa, kupakwa rangi wala kutiwa gundi. Warekebishaji nao hujibu kwamba mali ni yao, na anayeinunua ana uhuru wa kuitumia apendavyo.

KUJENGA MATATU

Mfano mmoja unatosha kuonyesha jinsi mjenzi anavyofikiri. Tuchukue matatu ya abiria 14, iliyozoeleka katika barabara za Nyamira na Kisii.

Gari kama hilo huwa na urefu wa karibu mara 2.8 ya upana wake. Mjenzi akichagua upana wa vinundu 6, yaani milimita 48, urefu unapaswa kuwa karibu vinundu 17. Kwa kuwa vipande vingi huwa na vinundu vya namba shufwa, atashusha hadi 16, yaani milimita 128. Macho hayatagundua upungufu huo.

Mstari wa manjano ulioagizwa na kanuni za usafiri zilizoanza kutekelezwa Februari 2004, wakati wa Waziri John Michuki, utawekwa kwa safu moja ya vibamba vya manjano katikati ya ubavu. Ili uso wa gari uwe laini, mjenzi atatumia vipande vyenye kinundu ubavuni, kisha apachike juu yake vigae visivyo na vinundu.

Tatizo litakuwa abiria. Kuta zikichukua kinundu kimoja kila upande, ndani hubaki nafasi ya vinundu vinne, ambapo hata vijitu viwili hubanana. Abiria 14 hawataenea, na hapo mjenzi atalazimika kuamua kama anajenga gari la kutazamwa au la kuchezewa.

Anayetaka kujenga nyumba ya msonge atakumbana na tatizo jingine, kwa sababu tofali lina pembe nne na ukuta wa msonge ni wa duara. Njia inayojulikana ni kupishanisha matofali ya vinundu viwili na vipande vya duara vyenye kinundu kimoja. Vipande hivyo vya duara hufanya kazi ya bawaba, na ukuta mrefu wa kutosha unaweza kukunjwa hadi ncha zake zikakutana.

GHARAMA NA HATARI ZAKE

Hapa ndipo uraibu huu unapomtenga mkazi wa Magwagwa na mwenzake wa Copenhagen. Seti kubwa ya chombo cha anga cha filamu za Star Wars, yenye vipande 7,541, iliuzwa dola 800 za Marekani ilipotolewa mwaka 2017. Hizo zilikuwa zaidi ya Sh80,000 kwa thamani ya wakati huo, kabla ya gharama za kusafirisha. Kwa mkulima wa majanichai, kiasi hicho ni ng'ombe wa maziwa au karo ya mwaka mzima.

Anayeagiza kutoka ng'ambo anapaswa pia kuhesabu ushuru wa forodha, VAT ya asilimia 16 na ada nyingine za uagizaji. Mizigo mingi yenye bei nafuu mtandaoni huishia kuwa ghali ikishafika nchini.

Wapo wanaodai kwamba seti ni uwekezaji. Dai hilo lina msingi, lakini lisichukuliwe pupa. Utafiti wa wanauchumi wa Chuo Kikuu cha HSE cha Urusi, uliochunguza bei za mwaka 1987 hadi 2015, ulionyesha kwamba seti zilizoacha kutengenezwa ziliongezeka thamani kwa wastani wa takriban asilimia 11 kwa mwaka. Hata hivyo, wastani huo ulificha tofauti kubwa, kwani baadhi ya seti zilipoteza nusu ya thamani. Isitoshe, faida hupatikana palipo na mnunuzi. Sanduku lililohifadhiwa kijijini kwa miaka kumi, likaingia unyevu na panya, halina soko.

HALALI NA BANDIA

Si kila tofali linalofanana na LEGO ni la wizi. Hataza ya mwaka 1958 ilikwisha muda zamani, na kampuni nyingine ziko huru kutengeneza matofali yanayopachikana nayo. Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua hivyo mwaka 2005 katika kesi iliyohusu watengenezaji wa Mega Bloks. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya nayo iliamua mwaka 2010 kwamba umbo la tofali haliwezi kusajiliwa kuwa nembo ya biashara, kwa kuwa umbo hilo ndilo linalofanya kazi ya kushikana.

Haramu ni kunakili seti nzima, picha za sanduku na nembo. Wakuu wa biashara ya Lepin ya China walipatikana na hatia mwaka 2020, na kiongozi wao akahukumiwa kifungo cha miaka sita na mahakama ya Shanghai.

Njia rahisi ya kutambua tofali halisi ni kutazama juu ya vinundu, ambapo jina la kampuni huchapwa kwa herufi ndogo. Njia nyingine ni kulipachika na kulichomoa. Tofali duni ama hulegea, ama hukwama hadi likahitaji meno, jambo lisilopendekezwa kwa meno wala kwa tofali.

Mwenye mfuko mwepesi anaweza kutafuta vipande vilivyotumika. Vitu vya kuchezea huuzwa pamoja na mitumba mingine, na mara nyingi vipande vya kampuni tofauti huwa vimechanganyika. Kwa wanaoweza kununua ng'ambo, soko la mtandaoni la BrickLink, lililoanzishwa mwaka 2000 na Daniel Jezek na kununuliwa na LEGO mwaka 2019, huuza hata kipande kimoja kimoja.

UTUNZAJI

Adui wa kwanza wa matofali ni jua. Mwanga wake hugeuza vipande vyeupe kuwa vya manjano, na vya buluu hufifia. Kwa hivyo rafu isiwekwe mkabala wa dirisha.

Vipande vilivyotumika vioshwe kwa maji yenye sabuni, yasiyozidi nyuzi joto 40, kisha vianikwe kivulini. Maji ya moto na mashine za kukaushia hupinda plastiki, na kipande kilichopinda hakishiki tena. Seti zenye mota au betri zisitumbukizwe majini.

La muhimu zaidi ni usalama wa watoto. Vipande vidogo vinaweza kumsakama mtoto aliye chini ya miaka mitatu. Katika nyumba ambamo watoto wa jamaa na majirani huingia na kutoka, mkusanyaji hana budi kuwa na kabati au sanduku linalofungwa.

PLASTIKI NA MAZINGIRA

Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, na mwaka 2018 mafundi wa Lamu wakazindua jahazi la Flipflopi lililoundwa kwa plastiki iliyotupwa. Mkenya ana haki ya kuuliza matofali haya yanaingia wapi.

Jibu lina pande mbili. Tofali halitupwi baada ya kutumiwa mara moja, bali hudumu miongo. Kwa upande mwingine, ABS hutokana na mafuta. Tangu mwaka 2018 kampuni ya LEGO imetengeneza baadhi ya vipande laini, kama vile majani na miti, kwa plastiki itokanayo na miwa. Mwaka 2021 ilionyesha tofali la majaribio lililotokana na chupa zilizotumika, lakini mwaka 2023 ikaachana na mpango huo baada ya kugundua kwamba haungepunguza hewa ya kaboni.

PA KUANZIA

Mtaala wa CBC ulipoanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019, wazazi wengi walijikuta usiku wakikata maboksi na kugundisha vifaa vya masomo kwa niaba ya watoto. Wengi walilalamikia gharama na muda. Lakini wapo waliogundua kwamba mtoto alikuwa ameshalala, na wao bado wanarekebisha paa la nyumba ya boksi kwa sababu lilikuwa limeinama upande mmoja.

Mtu huyo tayari ameonja uraibu huu. Hahitaji seti ya Sh80,000. Vipande mia mbili au tatu vilivyotumika, vikioshwa na kupangwa kwa rangi katika mikebe, vinatosha kujenga matatu, kioski na lango la boma. Atakayeona kwamba plastiki ni ghali bado ana waya, boksi na jiwe la Tabaka.

Seremala wa Billund alianza kwa vipande vya mbao wakati ambapo majirani zake hawakuwa na fedha za kununua fanicha. Hakuna aliyeweza kujua kazi hiyo ingefika wapi. Pengine hiyo ndiyo sababu bora ya kutomcheka mtu mzima anayeonekana sakafuni akitafuta kipande kimoja chekundu kilichopotea chini ya kochi.